Wimbo Usioitikiwa: Utatuzi wa Matatizo kwa Mwanaume Anayechagua Wimbo wa Karaoke Japani

Chumba cha karaoke Japani hakina pa kujificha. Meza iko katikati, makochi yameizunguka, skrini iko ukutani, maiki ni mbili, na pembeni kuna kikapu chenye matari na kayamba za plastiki. Mmeingia watu saba au wanane baada ya kula, ile awamu ya pili ya usiku ambayo wenyeji huiita nijikai, na zamu inazunguka. Ukichagua wimbo usiofaa hakuna atakayekuzomea. Watakupigia makofi, watakuambia umeimba vizuri, na wewe utaketi ukijua moyoni kwamba kuna kitu hakikwenda sawa.

Nimeishi Nagoya miaka tisa, kwanza chuoni, sasa kazini. Kila wanapofika vijana wapya wa masomo kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, wengi wao kupitia ABE Initiative, mpango wa masomo kwa vijana wa Afrika wa JICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa la Japani, swali hili hunifikia mapema kuliko swali la kodi ya chumba: "Kaka, Ijumaa maabara nzima inakwenda karaoke. Niimbe nini?" Jina moja la wimbo la kumpa kila mtu sina. Wimbo uliowarusha watu wa maabara unaweza kuwalaza watu wa idara ya mauzo. Nilichonacho ni dalili nilizoziona mara nyingi, na vyanzo vyake.

Kabla ya dalili, shika jambo hili, maana tiba karibu zote zinatoka hapo. Kwetu wimbo una mwimbishaji na una waitikiaji. Ndivyo ngoma ilivyo, ndivyo kwaya ilivyo, ndivyo mchakamchaka wa asubuhi shuleni ulivyokuwa, na ile sehemu inayorudiwa tunaiita kiitikio kwa sababu kuna watu wanaotegemewa kuiitikia. Karaoke ya Japani ni hivyohivyo. Mwanaume anayeipatia si yule mwenye sauti nzuri kuliko wote. Ni yule aliyeleta wimbo ambao wenzake wanaweza kuuitikia.

Dalili ya kwanza: umeanza kuimba, wote wameinamia kishikwambi

Kishikwambi ndicho rimoti ya kuchagulia nyimbo, kwa hiyo mtu mmoja au wawili kukiangalia si dharau. Wanatafuta wimbo wao. Ukiona chumba kizima kimeinama, na yule mwenye tari ameliweka mezani, tatizo ni wimbo. Mara nyingi chanzo ni kwamba hawaujui, hata kama ni wimbo mkubwa kweli.

Vijana wetu wengi wameujua muziki wa Kijapani kupitia YouTube na anime (katuni za Kijapani), kwa hiyo wanachokijua ni cha miaka hii ya karibuni, pamoja na nyimbo chache za zamani zilizopata umaarufu nje ya Japani. Chumba kinaweza kuwa na mkuu wa idara wa miaka 60, msimamizi wa miaka 45 na wafanyakazi wawili wa miaka 24. Hao hawakulelewa na redio moja.

Hesabu ninayoitumia ni hii. Chukua mwaka aliozaliwa mtu, ongeza 14, kisha rudia kwa kuongeza 20. Nyimbo zilizovuma kati ya miaka hiyo miwili ndizo anazozijua bila kuangalia skrini. Mzee wa miaka 60 alizaliwa katikati ya miaka ya 1960. Alikuwa kijana wa shule Saijo Hideki alipotoa "Young Man (Y.M.C.A.)" mwaka 1979, na Hosokawa Takashi aliposhinda Tuzo ya Rekodi ya Japani mwaka 1982 kwa "Kita no Sakaba". Aliyevuka 50 kidogo alikulia kwenye "Linda Linda" ya The Blue Hearts ya mwaka 1987 na "Cha-La Head-Cha-La" ya Dragon Ball Z ya mwaka 1989. Wa miaka 40 na kidogo ana "Ultra Soul" ya B'z na "Chiisana Koi no Uta" ya MONGOL800, zote za mwaka 2001. Kijana wa miaka 25 ana "Koi" ya Hoshino Gen ya mwaka 2016, ana Official Hige Dandism, ana Vaundy na ule wimbo wake "Kaiju no Hanauta" wa mwaka 2020.

Je, chumba kikiwa na rika zote? Hapo mchague yule wa katikati, au chukua moja ya nyimbo chache zilizovuka rika. "Ue o Muite Aruko" ya Sakamoto Kyu ni ya mwaka 1961, ndiyo iliyofika namba moja Marekani mwaka 1963 kwa jina la "Sukiyaki", na sijawahi kukutana na Mjapani wa umri wowote asiyeijua. Ina sehemu ya kupiga mluzi, na mluzi hauhitaji kujua Kijapani. "Cherry" ya Spitz ya mwaka 1996 nayo imevuka, na vilevile "Sekai ni Hitotsu Dake no Hana" ya SMAP, ambayo waliokuwa watoto mwaka 2003 wengi wao waliimbishwa shuleni. Ukiwa hujui kabisa waliomo chumbani, anzia kwenye hizo tatu.

Dalili ya pili: ubeti unakwenda, kiitikio kinakushinda

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote kwa wanaume, na ndilo linalotibika kwa urahisi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Muziki wa kisasa wa Japani umejaa waimbaji wa kiume wenye sauti za juu sana. Kusano wa Spitz, Fujihara wa Official Hige Dandism, Iguchi wa King Gnu, hao ni watu wanaoishi pale ambapo mwimbaji wa sauti ya tena wa kwaya yetu anapanda kwa kusimama kwenye vidole. Nyimbo zao zina mtego: ubeti unaanza chini, unauimba kwa raha, unajiamini, halafu kiitikio kinafika na hakuna ngazi ya kukifikia. "Pretender" ya Official Hige Dandism ni hivyo. "Konayuki" ya Remioromen ya mwaka 2005 ni hivyo, ule mwito wake mmoja mrefu umewapasua sauti wanaume wengi sana. "Hakujitsu" ya King Gnu ya mwaka 2019 ni mbaya zaidi, kwa sababu inataka sauti ya juu nyepesi tangu mwanzo, tena inakurusha juu na chini bila kukupa pumzi.

Chanzo, basi, si udhaifu wako. Umeimba kwenye kii, yaani kimo cha sauti, ya mtu mwingine. Kishikwambi kina kitufe cha kii, na kila ukibonyeza wimbo unashuka au kupanda nusu toni. Sauti yako ikiwa ya kawaida ya kiume, anza kwa kushusha mbili au tatu. Ukiwa besi, shusha nne. Na kipimo chako kisiwe ubeti. Kabla hujaenda, imba kiitikio peke yake, chumbani kwako, kwa sauti ile utakayoitumia, ukiwa umesimama. Wengi hupima kwa kunong'ona wakiwa wamelala, na sauti ya kunong'ona hupanda kokote.

Wapo wanaoona aibu kushusha kii, kana kwamba ni kukiri kushindwa. Sioni sababu. Inoue Daisuke, mpiga muziki wa Kobe aliyetengeneza mashine yake ya karaoke mwaka 1971, kwa simulizi lake mwenyewe alianzia kwa mteja mfanyabiashara aliyekuwa na safari na akataka kuimba huko. Inoue hakuweza kufuatana naye, akamrekodia kanda ya muziki uliotengenezwa kulingana na namna mteja yule anavyoimba. Tangu mwanzo kabisa, muziki ndio uliomfuata mwimbaji. Kwa mashine hiyo, ambayo hakuiwekea hataza, alipewa tuzo ya Ig Nobel ya Amani mwaka 2004.

Kuna hali moja ambapo kushusha hakusaidii. Ukishusha hadi kiitikio kiwe rahisi, ukakuta ubeti umezama na unatoka kama mtu anayehesabu pesa kimoyomoyo, maana yake wimbo una upana kuliko sauti yako. Uache, utafute mwingine. "Sekai ni Hitotsu Dake no Hana" uliimbwa na wanaume watano kwa pamoja, sauti moja, ndiyo maana haupandi mahali pa kutisha.  Nyimbo za Fukuyama Masaharu zina sauti ya kiume kamili, ingawa nyingi ni za polepole na zina masharti yake, nitakuja huko.

Na nyimbo za wanawake? Usiziogope, baadhi ni moto wa chumba. "Zankoku na Tenshi no Teze" ya Takahashi Yoko, ya anime ya Evangelion ya mwaka 1995, huwaamsha watu wa kila rika. Kosa ni kuiimba kwenye kii yake huku umeshuka oktavu nzima, maana utaanguka chini mno. Ukiimba oktavu ya chini, pandisha kii tatu au nne. Ukitaka kuimba palepale anapoimba yeye, shusha nne au tano. Jaribu njia zote mbili nyumbani, moja itakukaa.

Dalili ya tatu: skrini inakimbia, ulimi unabaki

Hapa Mswahili ana bahati ambayo Mmarekani hana. Irabu za Kijapani ni zetu: a, i, u, e, o, safi, bila kupindapinda. Silabi nyingi zinaishia kwa irabu, kama zetu. Hata ile n inayosimama peke yake katika Kijapani na kuhesabiwa pigo zima, sisi tunayo. Ndiyo n ya "nchi", ndiyo m ya "mtu". Mwalimu wangu wa Kijapani alitumia wiki nzima kuwaeleza wanafunzi wa Ulaya jambo ambalo mimi nilizaliwa nalo.

Lakini tuna makosa yetu pia, na ukiimba yanasikika kuliko ukizungumza. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaipeleka tabia hiyo kwenye kila lugha. Kijapani hakitaki hivyo. Kinataka kila pigo lipewe muda wake sawa. Halafu irabu ndefu: "obasan" ni shangazi, "obaasan" ni bibi, na tofauti ni pigo moja tu. Na konsonanti inayosimama: "kite" ni njoo, "kitte" ni stempu ya barua. Ukizila hizo pigo, maneno yako yanamalizika kabla ya muziki, unabaki unasubiri skrini. Ukizirefusha ovyo, skrini inakuacha. Piga makofi mepesi huku ukisoma maneno, kofi moja kwa kila pigo, na uhesabu n na zile konsonanti zinazosimama. Siku tatu zinatosha kwa wimbo mmoja.

Chanzo kingine ni kusoma. Kwenye skrini kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, huandikiwa juu yake kana ndogo, yaani herufi za silabi, kwa hiyo ukijua aina mbili za kana, hiragana na katakana, unaweza kusoma wimbo wowote. Mashine nyingine zinaweza kuonyesha herufi za Kirumi, ila usiitegemee bila kuhakikisha, maana hujui mtaingia chumba chenye mashine gani. Mimi nashauri ujifunze kana kwa ajili ya karaoke hata kama masomo yako ni ya Kiingereza. Kasi ya kusoma inayotakiwa na wimbo wa dakika nne itakufundisha kuliko daftari.

Wapenzi wa anime wana tatizo lao maalumu, na nimewaona wengi likiwapata. Wanajua wimbo wa Naruto, wanauchagua kwa furaha, dakika moja na nusu ya kwanza wanawaka, halafu ghafla wananyamaza. Televisheni hutumia kama sekunde 90 tu za wimbo. Ubeti wa pili hawajawahi kuusikia. Mashine nyingine zina toleo fupi la televisheni kwenye orodha, lichague hilo kama lipo. Kama halipo, tafuta wimbo mzima ujifunze. "Haruka Kanata" ya Asian Kung-Fu Generation na "GO!!!" ya FLOW zinastahili kazi hiyo, hasa ya pili, kwa sababu kiitikio chake ni mwito wa umati.

Mahali pa kufanyia mazoezi ni hukohuko karaoke, peke yako. Wajapani wanaiita hitokara na hakuna anayeshangaa. Nenda mchana siku ya kazi, bei huwa chini sana kuliko usiku wa Ijumaa, na chumba ni chako.

Dalili ya nne: umeimba bila kosa, ukapigiwa makofi ya adabu

Hii inauma kuliko zote, kwa sababu umefanya kazi yako. Umejifunza maneno, umeshusha kii, hukukosea pigo. Wamekupigia makofi sawasawa na waliyompigia aliyekutangulia.

Mdogo wangu mmoja wa Mwanza, mwimbaji mzuri wa kwaya, yalimkuta haya kwenye karamu ya kukaribishwa kazini. Aliimba wimbo wa polepole wa dakika tano na nusu, akafumba macho. Alinipigia simu usiku uleule: "Kaka, sijaelewa. Nimeimba vizuri kuliko wote." Nikamuuliza, wao walikuwa wanafanya nini ulipokuwa unaimba? Akanyamaza. Wao walikuwa hawana la kufanya.

Kwa hiyo ukichagua wimbo, jiulize swali hilohilo: hawa watu wengine saba watafanya nini? Kwenye "Ultra Soul" wanasubiri kiitikio kimalizike kwa jina la wimbo, kisha wote wanaruka na kupiga ukelele mmoja. Kwenye "Young Man" wanaandika herufi kwa mikono, na mzee wa miaka 60 atasimama, nakuhakikishia. "Choo Choo TRAIN", iliyotolewa na Zoo mwaka 1991 na kurudiwa na Exile mwaka 2003, inawapanga watu mstari mmoja nyuma yako wakizungusha viwiliwili kwa zamu. "Koi" ina ngoma yake, watu waliijifunza nchi nzima kutokana na tamthilia ya televisheni ya mwaka 2016, na wenzako wa kike watakufundisha palepale. "Matsuri" ya Kitajima Saburo ya mwaka 1984 ni sherehe ya kijijini kamili, matari yote yanatoka kikapuni.

Nipendavyo mimi, bora kuliko zote kwa mgeni ni "Linda Linda". Inaanza kwa sauti ya chini, taratibu, karibu bila muziki, na chumba kinatulia kukusikiliza. Kisha inalipuka. Kiitikio ni neno moja linalorudiwa, halina sarufi, halina kanji, na halihitaji sauti nzuri; linahitaji kuruka. Hata aliyelewa anaweza kuliitikia. Nimeiimba na maprofesa, nimeiimba na madereva wa malori, na sijaona ikikosa.

Ukiwa na maiki, ile ya pili usiiache mezani. Kiitikio kikikaribia, mpe aliye karibu nawe, hasa yule ambaye hajaimba na anaogopa zamu yake. Wajapani wana neno la vile vilio na makofi vinavyojaza nafasi katikati ya mistari, ai no te, na ukiwa msikilizaji ndiyo kazi yako. Aliyemwitikia mwenzake ndiye anayeitikiwa. Ukikaa kimya zamu za wengine, hata "Linda Linda" haitakuokoa.

Dalili ya tano: chumba kilikuwa kimechangamka, wimbo wako umekizima

Hapa wimbo wenyewe ni mzuri na wanaujua. Ulichokosea ni saa yake au hafla yake.

Nyimbo za polepole zina nafasi, lakini si mwanzoni. Saa ya kwanza ni ya kuwasha. Baadaye, watu wakishachoka kuruka na koo zimekauka, "Sakurazaka" ya Fukuyama ya mwaka 2000 au "Itoshi no Ellie" ya Southern All Stars ya mwaka 1979 zinapokelewa kama maji. Imba moja tu, halafu mwache mwingine abadili hewa.

Maana ya maneno ni jambo la kuangalia kwa makini, na mgeni hulikosa kwa sababu anafuata sauti tu. "Lemon" ya Yonezu Kenshi ya mwaka 2018 ni wimbo mzuri kupindukia, lakini ni wimbo wa kumlilia aliyekufa. "Dry Flower" ya Yuuri ni ya mapenzi yaliyovunjika. "Shima Uta" ya The Boom inasikika kama upepo wa visiwani, na watu wa Okinawa wanajua kwamba inazungumzia vita vya kisiwa chao mwaka 1945. Hizo usizipigie tari. Na kama ni karamu ya harusi, nyimbo za kuachana na kutengana ziweke kando zote, Wajapani wanazihesabu kuwa nuksi. Kwenye harusi, au kumuaga mwenzako anayehamishwa, kuna "Kanpai" ya Nagabuchi Tsuyoshi, wimbo wa kumtakia heri rafiki, na sauti ya mwanaume wa kawaida inaufikia.

Dalili ya sita: bosi amecheka, lakini si kwa furaha

Umeimba wimbo wake. Karibu kila Mjapani wa makamo ana wimbo mmoja anaojulikana nao, anauita juhachiban, yaani namba kumi na nane, neno linalohusishwa na michezo kumi na minane ya ukoo wa Ichikawa katika kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani. Ukimtangulia, umemwacha mikono mitupu. Muulize mapema mtu wa karibu naye, au muulize mwenyewe mkiwa njiani kutoka mgahawani, atafurahi kuulizwa. Kama umeshauchagua bila kujua, ufute kwenye orodha kabla haujafika. Kama muziki umeshaanza, simama, mpe maiki kwa mikono miwili, na wewe shika ile ya pili umwitikie. Nimeona kosa hili likigeuka kuwa wakati bora wa usiku mzima kwa njia hiyo.

Usichague nyimbo mbili mfululizo, na usibonyeze kitufe cha kuruka foleni hata kama ni kwa nia njema.

Ukitaka kumfurahisha mzee, jifunze enka moja. Ni nyimbo za huzuni ya bandari, pombe na theluji, sauti inatikisika mwishoni mwa mstari, na mtu aliyekulia kwenye taarabu huielewa ile mtikisiko mara moja. Wazee watakutajia Jero, Mmarekani mweusi wa Pittsburgh aliyefundishwa enka na bibi yake Mjapani, akatoa "Umiyuki" mwaka 2008, na mwaka huohuo akaimba kwenye Kohaku, tamasha la mkesha wa mwaka mpya la NHK, shirika la utangazaji la Japani. Wanapomtaja wanakupa heshima. Anza na "Kita no Sakaba", ina mwendo wa kuchangamka na haina mtikisiko mwingi.

Matatizo madogomadogo

Maiki inapiga filimbi: umeielekeza kwenye spika, au umeshika kichwa chake kwa kiganja. Geuka, shika mpini. Sauti yako inazama: punguza muziki kwenye mashine badala ya kupiga kelele. Sauti inasikika kama uko kisimani: mwangwi umepandishwa mno, ushushe.

Muziki wa katikati hauishi na umesimama tu: nyimbo za gitaa za miaka ya 1980 zina tabia hiyo. Tumia nafasi hiyo kumshukuru aliyekualika, au bonyeza kitufe cha kusimamisha baada ya kiitikio cha pili. Kumaliza hapo si kosa, wengi hufanya hivyo usiku ukiwa umekwenda.

Alama za mashine ni ndogo: mashine inapima kama umefuata noti, na haijui kama watu waliruka. Kama mnashindana, chagua wimbo wenye noti ndefu na uimbe bila mapambo. Kama hamshindani, omba izimwe. Chumba chenye alama humfanya mwenye aibu akatae zamu.

Wanakuomba wimbo wa kwenu na kwenye orodha haupo: imba bila mashine. Chagua wenye kiitikio kifupi, uwafundishe mstari mmoja kwanza, polepole, mara tatu. Wataushika haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu ileile ya irabu. Nina wenzangu kazini ambao hadi leo wakinikuta kwenye lifti wananiimbia mstari wao wa "Malaika".

Simu ya ukutani imelia

Ni mapokezi, wanakuambia zimebaki dakika kumi na kuuliza kama mtaongeza muda. Mwangalie mkubwa wa kikundi kabla ya kujibu. Kama hamuongezi, foleni yote ya nyimbo ifutwe na ubaki wimbo mmoja wa wote. Hapo ndipo "Sekai ni Hitotsu Dake no Hana" inapofaa kuliko saa nyingine yoyote: kii shusha mbili, maiki zote mbili wape ambao hawakuimba sana, na wewe shika tari.